Wembe wa Wegesa

Msiba ulikuwa umejaa mpaka barabarani, na Bhoke hakuwa na mahali pa kulilia.

Uani kulikuwa na turubai la njano ambalo hakujua nani amelileta. Chini yake walikaa vijana asiowafahamu, wamevaa jezi zenye jina la mjukuu wake mgongoni. Walikuwa wamefika kwa pikipiki kutoka Tarime, kutoka Mugumu, kutoka kila upande, wanapuliza mavuvuzela na kuimba "Mniko! Mniko!" kana kwamba mtoto yuko uwanjani anapasha misuli. Kila Bhoke alipogeuka alikutana na mkono wa kumpa pole, na nyuma ya mkono ilikuwapo simu inayompiga picha akipewa pole. Mmoja alimwomba alie tena kidogo, maana mara ya kwanza simu ilikuwa imezima.

Mwanamke mwingine angeingia chumbani, afunge mlango, alie mpaka achoke. Lakini chumbani kwa Bhoke, kati ya kitanda na gunia la mahindi, alikuwa amejikunyata msichana ambaye vijana wale wote walikuwa wanamtafuta.

Jina lake Stellah. Kwao ni Guta, kazi yake kusuka nywele mjini Bunda, na alikuwa mchumba wa Mniko. Siku Mniko alipomleta hapa Bweri, mjini Musoma, mara ya kwanza, Bhoke alimtazama kuanzia juu mpaka chini akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuja kuninyang'anya mume?" Maana bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na tangu Mniko akiwa mdogo Bhoke alimwita mume wangu. Msichana hakuona haya. Akajibu, "Hapana bibi, nimekuja tusaidiane, huyu bwana anakulaga sana." Bhoke alicheka mpaka akashika mlango. Tangu siku ile wakaitana mke mwenza.

Jumapili jioni Mniko, ambaye timu yake ilikuwa imempa mapumziko mafupi, alikwenda Bunda kumwona Stellah. Walipokuwa wanatoka saluni kwenda stendi, wahuni wakawakata njia wakitaka simu. Mniko hakuwa mtu wa kukimbia. Wakamchoma kisu tumboni wakapotelea gizani.

Hiyo ndiyo habari aliyoileta Stellah. Habari ya kwenye simu ilikuwa nyingine. Kabla hata damu haijakauka barabarani, sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa imeshazunguka mkoa mzima wa Mara ikisema kwamba msichana ndiye aliyemwita, msichana ndiye aliyemuuza. Picha ikafuata: Mniko anacheka, na pembeni yake Stellah mwenye rasta nyekundu zinazofika kiunoni. Polisi walimhoji Stellah wakamwachia. Watu hawakumwachia. Vioo vya saluni vilivunjwa, na kule Guta mama yake alizungukwa na watu shambani akiwa na jembe mkononi, anaulizwa mwanao yuko wapi.

Stellah alifika Bweri alfajiri ya Jumatano, amepanda lori la kabichi, kichwa amekifunga kanga. Alibisha mlango wa nyuma.

"Bibi, sina pa kwenda."

Bhoke alimwingiza kwanza, akaanza kujiuliza baadaye. Hata hivyo hakujiuliza sana. Mtu mmoja alikuwa amemwonyesha video kwa nguvu, akidhani anamsaidia. Mniko amelala kwenye kifusi kando ya barabara, watu wamemzunguka, na tumboni amefungwa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Kile kitenge Bhoke alikinunua mwenyewe sokoni Mwigobero, alipokuwa bado anauza dagaa, akampa Stellah zawadi ya Krismasi. Mtu aliyekuja kukuuza hakufungi kidonda kwa nguo yake. Bhoke hakuhitaji ushahidi mwingine.

Alijaribu kumwambia Gody. Gody alikuwa dereva wa bodaboda, rafiki wa Mniko tangu wanacheza mpira wa makaratasi, na sasa ndiye aliyesimamia geti.

"Bibi, vitenge viko vingi," Gody alisema kwa upole. "Wewe pumzika. Huyo mwanamke tutamleta hapa hapa mbele yako, aseme."

Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Bhoke. Tangu msiba uanze Gody ndiye aliyechota maji, ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo za turubai, ndiye aliyekumbuka kwamba bibi hawezi kunywa chai bila tangawizi. Macho yalikuwa mekundu kwa kutolala. Kijana kama huyo akiamua kwamba anakutendea wema, hakuna wa kumzuia.

Basi Bhoke akaishi kama mfungwa nyumbani kwake. Aliwaambia watu chumba kina vitu vya marehemu, kisiguswe. Alipeleka chakula chini ya kanga. Beseni la haja alilitoa mwenyewe, amelifunika kwa taulo, anapita katikati ya watu wanaoimba. Siku ya pili Faudhia, jirani yake anayeshona sare za shule, alimkuta mlangoni na lile beseni. Alilitazama, akamtazama Bhoke, kisha akalichukua mkononi kama mtu anayepokea sahani.

"Mama Emanuel, wewe una presha," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mambo ya kutapika uniachie mimi."

Kuanzia hapo beseni likawa la Faudhia.

Ijumaa asubuhi ndipo mambo yalipobana. Mwili ulikuwa umetoka hospitali ya Bunda na ungefika Musoma mchana. Bhoke alitaka uende moja kwa moja Butiama, kwenye boma la ukoo, ambako mwanawe Emanuel, baba yake Mniko, amezikwa. Lakini hakuna aliyemsikiliza. Watu walitaka kumuaga shujaa wao. Jeneza lingepitishwa uwanjani, kisha lilale sebuleni Bweri, kesho yake ndiyo maziko Butiama. Na jeneza likishakuwa sebuleni, wanawake wa ukoo wangelala chumbani, na wa kwanza wao, Wegesa, alikuwa tayari njiani. Wegesa ni binti wa Bhoke, dada yake Emanuel, shangazi yake Mniko. Wegesa aliiamini ile sauti ya kwenye simu neno kwa neno.

"Tumtoe na baibui langu," Faudhia alinong'ona. "Nimvike, nitoke naye kama mgonjwa."

Lakini hawakuwahi hata kulikunjua. Nje kelele zilizuka. Mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka Bunda, Mwanaupe, alikuwa amekuja kutoa pole amevaa baibui na nikabu, na vijana wa getini wakamvua nikabu mbele za watu waone kama ni Stellah. Faudhia alitoka mbio kama mshale.

"Mama yako ungemvua?" alimfokea kijana mmoja. "Nakuuliza, mama yako ungemvua? Ndiyo msiba huu?"

Gody aliwaombea radhi wenzake, lakini hakulegeza ulinzi. Akasema kuanzia sasa kila anayetoka ataonwa uso.

Faudhia aliporudi ndani alilisukuma baibui chini ya kitanda. Bhoke alikaa kitandani. Alitazama dirisha lenye nondo, akatazama mlango, akamtazama msichana. Macho yake yakashuka mpaka kwenye rasta nyekundu zilizotokeza chini ya kanga. Ndizo zilizokuwa kwenye kila simu. Ukimtoa rasta, Stellah ni msichana tu, mwembamba, mwenye uso kama wa wasichana wengi wa Bunda.

"Niletee mkasi wako wa kazi," alimwambia Faudhia.

Stellah alielewa kabla hajaambiwa. Akazishika kwa mikono miwili.

"Alizipendaga hizi, bibi."

"Najua, mke mwenzangu. Na mimi nilizipenda. Lakini ndizo watakazokushikia."

Mkasi wa kukatia kitambaa ulipita kwenye rasta kwa shida, zikaanguka moja moja kwenye gunia la mahindi. Nywele zilizobaki kichwani zilikuwa zimekatika vibaya, zinaonekana kazi ya haraka. Bhoke akachukua wembe na maji ya sabuni, akanyoa taratibu, mkono wa kushoto umeshika paji la msichana lisitikisike. Mkono wake ulikuwa umemnyoa Mniko hivyo hivyo kila mara kabla shule haijafunguliwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alilia bila mtu kumpiga picha. Alilia na kunyoa, ananyoa na kulia, na kwa sababu hiyo akasahau jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwao hawezi kulisahau.

Mlango ulifunguliwa; Faudhia alikuwa amesahau kuufunga komeo. Wegesa alisimama pale, bado na mkoba wa safari begani.

Hakumtazama Stellah kwanza. Alitazama nywele chini. Alitazama wembe.

"Mama," alisema. "Unanyoa mtu, na maiti iko juu?"

Hapo Bhoke akaona alichofanya. Kwao hakuna anayenyolewa kabla ya maziko. Marehemu akishafunikwa udongo ndipo wafiwa wananyoa, na mjane hutangulia. Kunyoa mapema ni kama kumfukuza mtu nyumbani kwake kabla hajaaga. Na si kila mkono unaonyoa. Wembe ule ni wa shangazi. Bhoke alikuwa amemharakisha mjukuu wake na kumnyang'anya Wegesa kazi yake, yote kwa pamoja. Tena alidhani anamficha msichana, kumbe amemtia alama. Katika msiba uliojaa watu wa Mara, kichwa kimoja kinachong'aa kabla ya maziko kingeonekana kuliko rasta kumi nyekundu.

"Nimekosa, mwanangu," alisema.

"Na huyu ni nani?" Wegesa alisogea. Alimwinua Stellah kidevu. Alimtambua. "Huyu ndiye. Mama, huyu ndiye! Umemficha kwenye kitanda chako aliyemuua mtoto wa kaka yangu!"

Sauti ilipita dirishani. Kuimba kukapungua nje. Mtu akasema, "Kuna nini huko ndani?" Faudhia akaufunga mlango, akauegemeza mgongo.

"Shangazi," Stellah alisema akiwa chini, "waite hao watu. Nimechoka. Ila kwanza nikuambie."

"Uniambie nini? Nimeona video. Amelala barabarani kama mbwa, peke yake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasimamisha gari."

Wegesa aliushusha mkoba begani.

"Nilimfunga kitenge, nikawaomba wale watu wamshike miguu tumbebe. Walikuwa wameshika simu. Nikakimbilia barabara ya lami. Pikipiki zinapunguza mwendo, zikiona damu zinaondoka. Mpaka mzee mmoja wa pikapu ya nyanya akasimama."

"Halafu?"

"Tukampakia. Kichwa chake kilikuwa mapajani kwangu mpaka hospitali."

Wegesa alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Bhoke, aliyemzaa, alijua anachotaka kuuliza na kwa nini hawezi.

"Alikuwa hai?" Wegesa aliuliza mwishowe.

"Alikuwa hai. Alikuwa analalamika nyanya zinamchoma mgongoni. Akasema, usimwambie bibi nimechafua pikapu ya watu." Stellah alijifuta pua kwa kiganja. "Tulipofika Balili hapo ndipo alinyamaza. Hakuwa peke yake, shangazi."

Mlango uligongwa.

"Bibi!" Ilikuwa sauti ya Gody. "Bibi, fungua. Tumesikia. Kama yuko humo fungua kwa amani."

Nyuma yake vijana walikuwa wanasukumana sebuleni. Kikombe kilianguka kikavunjika. Dirishani vivuli vya vichwa vilikuwa vimejaa kwenye pazia. Hewa ya chumba ilikuwa ya sabuni na jasho. Bhoke alijua mlango ule ni wa mbao nyepesi, Mniko mwenyewe aliahidi kuubadilisha.

Akafungua kilemba chake. Nywele zake zilikuwa nyeupe na fupi. Akashuka kitandani, akakaa sakafuni bega kwa bega na Stellah, akamnyooshea Wegesa wembe.

"Kazi hii ni yako," alisema. "Nilikuibia, nakurudishia. Kama huyu ni muuaji, fungua mlango. Kama ni mjane wa mtoto wetu, basi wajane ni wawili, na mimi ndiye mkubwa. Anza na mimi."

Wegesa aliushika wembe bila kuutumia. Alimtazama mama yake, akatazama kile kichwa cha msichana ambacho upande wa nyuma kilikuwa bado na kiraka kisichonyolewa.

"Umemnyoa vibaya," alisema. "Hata ngozi hujamvuta."

Akapiga magoti. Alimaliza kwanza kile kiraka, kisha akamgeukia mama yake. Nje walipiga mlango kwa kiganja, na mgongo wa Faudhia ukatikisika, lakini mkono wa Wegesa haukutikisika. Alipomaliza alifungua kilemba chake mwenyewe na kumpa Bhoke wembe.

"Fungua sasa," alimwambia Faudhia.

Gody aliingia nusu, akasimama. Wanawake watatu walikuwa wamekaa sakafuni, wawili vichwa vyao vinang'aa, wa tatu amejaa povu la sabuni. Gody ni mtoto wa huku huku. Alijua anachokitazama, akavua kofia kabla hajafikiri.

"Bibi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Mbona mnanyoa? Mwenzetu bado hajazikwa."

"Mmetuharakisha," Bhoke alisema. Hakuacha kunyoa.

"Huyu ni nani?"

"Mke mwenzangu."

Gody alimtazama Stellah kwa muda mrefu. Alikuwa ameitazama ile picha mara nyingi mno asimjue. Simu ilikuwa mkononi mwake, na nyuma ya bega lake mwenzake alikuwa anajaribu kuchungulia, anauliza, "Yupo? Yupo?" Mjane akishanyolewa haguswi na mwanamume mpaka tanga lianuliwe, wala hapigiwi kelele, hilo Gody alilijua tangu alipomwona mama yake mwenyewe ananyolewa. Ila mjane hunyolewa na ukoo, na ukoo ulikuwa umekaa pale mbele yake, umeshika wembe.

"Anasema kweli?" alimuuliza Wegesa, karibu kwa kuomba.

"Mimi ndiye shangazi," Wegesa alisema. "Nimemnyoa mimi. Unataka nani mwingine akuambie?"

Gody alirudi nyuma, akavuta mlango.

"Ni wajane humo," walimsikia akisema. "Ondokeni dirishani. Nimesema ondokeni! Hamna adabu?"

Bhoke alingoja afurahi, lakini furaha haikuja. Nje wakaanza tena kuimba.

Kesho yake, Butiama, umati ulikuwa mkubwa kuliko boma. Watu walipanda juu ya mawe waone kaburi. Wakubwa walizungumza kwenye kipaza sauti, kila mmoja akisema Mniko alikuwa kijana wake. Wazee wa ukoo walinung'unika walipoona vichwa vya wanawake, wakauliza nani ameruhusu. Wegesa akawajibu ni yeye, kama kuna faini wamtoze yeye. Wakaliacha, maana hawakuwahi kumshinda Wegesa hata kwa mambo madogo.

Stellah alitembea katikati ya Bhoke na Wegesa, amefungwa kanga kifuani, miguu peku. Watu walimtazama na kunong'ona. Wengine walijua. Simu ziliinuliwa, kisha moja moja zikashushwa, kwa sababu Gody na wenzake walikuwa wamesimama mstari, wamewapa mgongo wanawake, wanawatazama wenye simu. Bhoke aliona kwamba Gody hakugeuka hata mara moja kumtazama Stellah. Labda ilikuwa adabu. Labda bado alikuwa na shaka. Bhoke alimshukuru kwa yote mawili.

Msichana alichota udongo, akaushika mpaka Wegesa akamgusa kiwiko, ndipo akauachia.

Jioni watu walikuwa wameondoka. Timu ilikuwa na mechi kesho yake, na wengi walitaka kuwahi. Walibakiza chupa za maji kwenye majani na vuvuzela moja lililopasuka. Faudhia, ambaye alipanda gari la jeneza bila kuulizwa na mtu, alikuwa anaosha masufuria na wanawake wa Butiama kana kwamba amezaliwa pale.

Bhoke alimkuta Stellah ndani ya nyumba ya ukoo, amekaa kwenye mkeka wa wajane, anatazama ukuta. Kwa desturi angekaa hapo mpaka tanga lianuliwe. Hangekwenda Bunda, hangekwenda Guta kwa mama yake, hangesuka kichwa cha mtu. Bhoke alikuwa amemtoa chumba kimoja na kumwingiza kingine, na safari hii mlango ulikuwa wa ukoo mzima.

"Nimekufunga," Bhoke alimwambia. "Nilitaka kukutoa, nikakufunga. Hukuwa hata umeolewa."

Stellah aliacha kuutazama ukuta.

"Nikitoka leo nitakwenda wapi, bibi?"

Bhoke alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Msichana akaivuta mapajani mwake akaanza kuikanda kuanzia vidoleni, kwa mikono ile ya kusukia, bila kuambiwa.

"Nywele zikiota kiasi cha kushikika," Bhoke alisema, "mimi mwenyewe nitakupeleka kwa mama yako. Nitamwambia Wegesa sikumbuki desturi inasemaje. Mimi mzee. Nasahauga."

Stellah alitaka kucheka, ikashindikana. Akainamisha kichwa, na Bhoke akaweka kiganja juu yake, apime kama zimeanza kuota. Zilikuwa bado.